Bi Velda na Kamba Wake Weupe

Ukienda kwa Bi Velda Scroggins ukamwambia umeshiba, umemtukana. Jambo hilo linajulikana bonde zima, kuanzia kanisani hadi kituo cha mafuta, na mtu mwenye akili akitumwa kwake hukaa na njaa tangu alfajiri. Fundi wa simu alikuja kutazama waya, akatoka saa tisa alasiri amelegeza mkanda, na waya hata hakuugusa. Mchungaji alikwenda kumpa pole alipofiwa na mumewe, akarudi na kuku mzima wa kukaanga kwapani. Nenda kampe pole wewe, tuone kama hutarudi na kuku.

Wala si wazimu. Velda alizaliwa wa nne kati ya watoto tisa, upande ule wa kilima ambako mahindi hutoka mafupi na mawe hutoka mengi, na amelala njaa mara nyingi kuliko anavyopenda kusema. Akiwa na miaka saba alijiapia kwamba akiwa mkubwa hakuna kiumbe kitakachokaa karibu naye na tumbo tupu. Na kiapo alikitimiza, jamani! Alipika shuleni miaka thelathini na mmoja. Walimu wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine, walimkataza kuwapa watoto sahani ya pili, na wote watatu waliishia kuila hiyo sahani ya pili wao wenyewe. Aliolewa na Hoyt, dereva wa lori la maziwa, kijana mwembamba kama ufito. Baada ya miaka mitano lori lilikuwa limeinama upande wa dereva.

Mtu mmoja tu hapa kwetu hakuwahi kushindwa na Velda, naye ni wifi yake, Mozelle, dada mdogo wa Hoyt, kitinda mimba wa kina Scroggins, aliyepishana na Velda miaka kumi na mitatu. Mozelle ni mkono wa birika. Ukimtembelea anakuuliza mlangoni, "Umeshakula, sivyo?" kwa sauti inayokupangia jibu. Anaishi ng'ambo ya ua, na mawifi hao wawili wametaniana kila siku ya Mungu tangu Mozelle akiwa na meno ya utotoni.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Velda kuna pango, na ndani ya pango kuna chemchemi. Kabla umeme haujafika bondeni, kina Scroggins walikuwa wakiweka maziwa na siagi humo, juu ya rafu za mawe, maana maji yale ni ya baridi mwaka mzima. Ukipita rafu kuna kidimbwi, na kidimbwi kinaendelea chini ya mwamba hadi mahali ambapo mtu hupita kwa tumbo tu. Humo ndimo wanamoishi kamba weupe. Ni wadogo, urefu wa kidole, wana magando membamba na ndevu ndefu, na macho hawana kabisa. Ukiwamulika na tochi unaona hadi kilicho ndani yao, na kilicho ndani yao ni kidogo sana. Duniani wako hapa na kwenye mapango mengine machache ya vilima hivi, basi. Wazee wa Scroggins walikuwa wakisema weupe wakiwepo maji yanafaa kunywa, kwa hiyo hakuna aliyewagusa, hata mwaka ule wa ukame watu walipokula kindi.

Hoyt alipougua moyo, siku chache kabla hajafa, alimshika mkewe mkono. "Velda," akasema, "wale weupe uwatunze."

"Nitawatunza," akasema Velda, na machozi yakamtoka.

Wewe mwambie Velda atunze kitu, halafu ukae pembeni utazame.

Kila Januari, maji yanapopungua na kuwa maangavu, anakuja Lyndell Haskew, mtu wa ofisi ya wanyamapori, kuwahesabu. Kazi yake ni hiyo: kuvaa kofia ngumu yenye taa, kulala kifudifudi, na kutambaa majini kwa muda wa saa tatu akihesabu kamba wasiomwona. Ni kijana mpole, mrefu, na miguu yake huonekana kwenye mdomo wa pango muda mrefu baada ya kichwa kuingia. Januari ya mwisho ya Hoyt alihesabu ishirini na saba. Iliyofuata, ishirini na wawili. Iliyofuata tena, kumi na sita.

"Kumi na sita!" Velda aliposikia alikaa kitako juu ya ndoo. "Wanakufa nini, mwanangu?"

"Sijui, Bi Velda. Maji ni safi. Ila wale kamba wa kahawia wa mtoni wameanza kupanda mpaka ndani, na sijui wanafuata nini. Zamani hawakuwa wakiingia."

Velda akakubali kwa kichwa, akampakulia maharagwe, na moyoni akaamua lake. Maana yeye alijua wanakufa nini. Si unawaona? Wamekonda hata mwanga unapita! Tangu wiki ile aliyomzika Hoyt alikuwa akichukua vipande vya mkate wa mahindi, anakwenda hadi kwenye rafu za siagi, anavunjavunja, anarusha kidimbwini. Mara mbili kwa wiki. Alipoambiwa ishirini na wawili akafanya mara nne. Alipoambiwa kumi na sita akaanza kwenda kila siku, na Jumapili akaongeza ngozi ya nguruwe ya kukaanga, kwa sababu Jumapili ni Jumapili. Hakumwambia mtu. Mkono mtupu haulambwi, alijisemea, na hao maskini hata mkono wenyewe hawauoni.

Januari iliyofuata Lyndell alipiga simu kwamba atafika saa nne. Saa mbili Velda alikuwa pangoni na sufuria nzima, ili mgeni awakute wenyeji wana nguvu.

Lyndell alitambaa, akakaa sana, akatoka anatiririka maji na midomo ya bluu. Mozelle alikuwa amekuja pia, kwa sababu kutazama ni bure. Velda alikuwa ameshika blanketi mkono mmoja na bakuli la supu mkono wa pili.

"Ngapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja."

Supu ikamwagika.

"Bi Velda, kaa," akasema Lyndell. "Lazima nikwambie ukweli. Wakishuka chini ya kumi, ofisi itakuja kuwachukua wote waliobaki, wakawekwe kwenye matangi ya vioo mjini. Huko labda wataishi, labda hawataishi. Lakini hapa kwako hawatakuwepo tena."

Velda alitazama mdomo wa pango kama mtu anavyotazama mlango aliotokea marehemu. Wamekaa humo tangu kabla ya Scroggins wa kwanza, kabla ya barabara, kabla ya jina la bonde, na sasa waondoke mikononi mwake yeye? Atamwambia nini Hoyt?

"Na kingine," Lyndell akaendelea, akatoa kichupa mfukoni. "Kidimbwi kimejaa wale wa kahawia. Wanene, sijapata kuona. Nilimkuta mmoja anamtafuna mweupe. Na chini, kwenye tope, kuna hii. Nimekaa nayo pale chini nikishangaa. Sijui ni uyoga gani."

Mozelle akachukua kichupa, akakiinua juani, akakigeuza. Akaanza kucheka, kicheko kikaishia njiani.

"Uyoga!" akasema. "Huu ni mkate wa mahindi. Tazama ukoko huo mweusi. Bonde zima kuna kikaango kimoja tu kinachotoa ukoko wa hivyo. Wifi, umefanya nini?"

Basi yakatoka yote. Velda alieleza amesimama, kidevu juu, mkono ukifinyangafinyanga aproni: mara mbili kwa wiki, mara nne, kila siku, Jumapili na ngozi. "Walikuwa na njaa!" akasema mwishoni, na sauti ikampasuka. "Mnataka kuniambia mtu anaona kiumbe kina njaa anakipita?"

Lyndell alikaa juu ya jiwe. Hakukasirika, na Velda alisema baadaye afadhali angekasirika. "Bi Velda, hawa ni watu wa njaa," akasema taratibu. "Jani moja linaloingia na mafuriko, kinyesi kidogo cha popo, kinawatosha miezi. Wanakua polepole, wanazaa kwa nadra, wanaishi miaka mingi kuliko unavyodhani. Wale wa mtoni hawawezi maisha hayo, wakiingia wanakuta hakuna kitu wanarudi. Njaa ndiyo ukuta wa hawa weupe. Sasa wewe..."

"Mimi nimebomoa ukuta."

"Umeweka meza," akasema Lyndell.

"Meza!" Mozelle akadakia. "Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu anampa ngozi ya nguruwe."

Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, mtu aliondoka kwa Velda bila kula. Alisahau kumpakulia. Lyndell mwenyewe aliendesha gari hadi barabara kuu akihisi kuna kitu amekiacha, ndipo tumbo likamkumbusha.

Velda alilala siku mbili mchana na mlango umefungwa. Siku ya tatu akatoka na koleo, akaenda kwa Mozelle, akagonga. "Umeshakula, sivyo?" akauliza Mozelle kwa mazoea.

"Achana na chakula. Wale wa kahawia nimewaalika mimi, nitawatoa mimi. Lete ndoo zako."

"Ndoo zangu zina kazi."

"Mozelle!"

"Haya, haya. Moja."

Lyndell aliwapa karatasi ya ruhusa na masharti: wasipite rafu za siagi, wasitie dawa yoyote majini, na wakimwona mweupe mikono mgongoni. Wakakubali. Na hapo ndipo bonde lilipopata burudani, maana ajuza wawili wa miaka sabini na mmoja na hamsini na nane walikaa pangoni kwenye rafu za siagi tangu Machi hadi Juni, kila mmoja na uzi na kipande cha ngozi ya nguruwe mwishoni, wakivua kamba kama walivyovua walipokuwa wasichana. Unashusha uzi, unangoja, wa kahawia anashika kwa gando na haachii kwa uroho, unamvuta pole pole, unampokea kwa chujio.

"Huyu ametoka kwako, tazama tumbo," alikuwa akisema Mozelle.

"Na huyu ametoka kwako, anang'ang'ania uzi usio na kitu."

"Huo uzi una kitu. Nimekata ngozi kidogo kidogo itoshe mwezi."

"Ndiyo maana nina ndoo tatu na wewe una kikombe, mkono wa birika we!"

Kwa wingi wao tulishangaa. Ndoo baada ya ndoo, mpaka jokofu la Velda na la kanisa yakajaa. Jumapili ya kurudi nyumbani, siku ile ya Juni ambapo waliohama wote huja kusafisha makaburi na kula pamoja uwanjani, Velda alitandika magazeti juu ya meza ndefu akamwaga kamba wa kahawia wa kuchemsha, wekundu sasa, na viazi na mahindi na pilipili. Watu walinyonya vichwa mpaka vidole vikachubuka. Mchungaji alikula arobaini na wanne na mahubiri ya jioni yakawa mafupi, jambo ambalo waumini wengi waliliona ni jibu la maombi. Velda alipita na bakuli akisukumiza watu chakula na uso wake uling'aa, maana mwaka ule hakuwa na pengine pa kupeleka mkono wake.

Kuvua ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa ile ya kutofanya kitu.

Sisi tunajua namna ya kupambana na uvivu, kuna methali ishirini za hilo. Lakini nani alikufundisha kupambana na mkono unaotaka kutoa? Velda alikuwa akisonga unga anasikia miguu inataka kwenda pangoni. Alikuwa akikwangua sufuria anawaona kule gizani, kumi na mmoja, wanapapasa mawe kwa ndevu. Akaanza kwenda kuwatazama tu, mikono mitupu, anarudi analia. Mozelle akaona, akahamisha kiti chake cha kubembea, akakiweka kwenye kijia cha pangoni, akawa anakaa hapo na maharagwe yake ya kumenya.

Novemba, siku moja baada ya Siku ya Shukrani, binti wa Velda na familia yake walikuwa wameondoka asubuhi kurudi Tulsa na kuacha nyumba imejaa masalio na kimya. Saa sita mchana Velda akatokea kijiani, amevaa koti juu ya aproni.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mozelle.

"Kuwatazama."

"Toa hicho."

"Kipi?"

"Kilicho kwenye aproni. Nasikia harufu ya iliki hapa nilipo." Mozelle hajui viungo, kila kitu kwake ni iliki.

"Ni punje tu, Mozelle. Punje! Wa kahawia wameisha. Nimewaona jana weupe wawili, wamekonda, we wifi, wamekonda. Hoyt aliniambia niwatunze. Neno la mwisho la mume wangu, unataka nilitupe?"

"Kaka yangu alikwambia uwatunze, hakukwambia uwanenepeshe!" Mozelle akasimama, maharagwe yakatawanyika. "Yeye mwenyewe daktari alisema asile mafuta, asile chumvi, na wewe ukawa unampa chini ya meza! Ulimnenepesha mpaka moyo ukachoka!"

Neno likishatoka halirudi. Mozelle alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini limeshatoka. Velda alisimama hapo kijiani, na rangi yote ilimtoka usoni.

"Wifi, nisamehe," akasema Mozelle. "Sikutaka. Ulimi huu..."

"Aliniomba," Velda akasema polepole. "Alikuwa anaomba kama mtoto. Velda, kidogo tu. Nami sikuwahi kumnyima mtu maishani, ningeanzaje na yeye?" Akapumua. "Ungekuwa wewe ungemnyima."

"Ningemnyima."

"Angekuwa anakununia."

"Angenuna miaka kumi," akasema Mozelle, naye sasa analia waziwazi. "Angekuwa amekaa pale barazani, amenuna."

Walikaa wote wawili kwenye kiti kile kimoja, kikalia. Kisha Velda akafungua aproni, akakung'uta yote kwenye majani, na kuku wa Mozelle, ambao hawajawahi kuona sikukuu, walikuja mbio kutoka kila upande. Mozelle aliwaacha wale. Kutoka siku hiyo Velda hakupita tena kijia kile na kitu, na Mozelle hakumwuliza tena.

Januari ikaja na barafu. Lyndell aliingia saa nne. Saa saba miguu yake ilikuwa bado ndani yote. Velda alisimama nje, hakushika bakuli wala blanketi, alikuwa amesahau vyote. Alishika mkono wa Mozelle na kuuminya mpaka Mozelle akalalamika.

Hatimaye miguu ikatoka, kisha mgongo, kisha uso, na uso ulikuwa unacheka na kutetemeka kwa pamoja.

"Kumi na watatu."

"Sema tena."

"Kumi na watatu, Bi Velda. Wale kumi na mmoja wote wapo. Na wadogo wawili. Wadogo!" Akaonyesha ukucha wa kidole gumba. "Nimefanya kazi hii miaka tisa, sijawahi kuona wadogo. Hakuna wa kahawia hata mmoja. Hao wawili, wakiachwa, wataishi miaka mingi kuliko sisi tuliosimama hapa."

Velda alipiga kigelegele ambacho ng'ombe wa ng'ambo ya barabara walikiinulia vichwa. Akamkumbatia Lyndell na maji yake yote, akamkumbatia Mozelle, kisha akawaburuta wote jikoni, na safari hii mtu alikula mpaka akaomba msaada wa kusimama.

Lakini katikati ya kula Velda akaweka kijiko chini. Alikuwa amebakiwa na neno moja la Lyndell: wakiachwa. Alikwenda kwenye kabati akarudi na bahasha ndefu, akaiweka mbele ya Mozelle kati ya bakuli na bakuli.

"Ni nini?"

"Nilikwenda kwa wakili mwezi jana. Nyumba ni ya binti yangu. Kilima na pango, nikishakufa, ni vyako."

Mozelle hakuigusa. "Vyangu mimi? Na binti yako je? Si atakasirika?"

"Nimemwambia kwa simu. Alicheka mpaka akalia. Ni mtoto mzuri, ana moyo mzuri, na kupika nilimfundisha mimi mwenyewe." Velda alipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Hatawaweza, Mozelle. Wiki ya kwanza tu atawaonea huruma."

Lyndell aliinamia sahani yake. Mozelle alifungua bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akaikunja karatasi tena kwa mikunjo ileile. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Mozelle kitu kikubwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kudaiwa naye fadhila. Alitafuta neno, akakosa, akatafuta mfukoni, akakosa pia.

"Wifi," akasema mwisho, "mimi sina cha kukupa."

"Hewaa!" akasema Velda. "Endelea hivyo hivyo."